Mashini Iliyolala Haijafa

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Watu hulikumbuka neno hilo watazamapo mashua juu ya maji, lakini ni wachache walikumbukao watazamapo chombo kilichotupwa pembeni mwa nyumba. Katika vijiji vilivyo kando ya Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, yaweza kuonekana mashini ndogo ya mashua, ile ifungwayo nyuma ya chombo, imelazwa ghalani mwaka wa tatu au wa tano, imefunikwa na vumbi na utando wa buibui. Mwenyewe akiulizwa, hujibu, "Hiyo imekufa." Neno hilo ni jepesi kulisema, nalo mara nyingi si la kweli. Mashini iliyolala si mashini iliyokufa, na mtu mwenye subira aweza kuiamsha.

Huenda mwanafunzi akastaajabu na kuuliza, Mashini za mashua zina kazi gani katika nchi kavu kama Ugogo, ambayo mvua zake ni haba na wenyeji wake ni wakulima na wafugaji? Jawabu ni Mtera. Mto Ruaha Mkuu ulizibwa hapo kwa ukuta wa bwawa, ili maji yawekwe akiba kwa mitambo ya umeme ya Kidatu. Mwaka 1988 Mtera penyewe pakaanza kutoa umeme, kiasi cha megawati 80. Maji yakijaa, ziwa hilo huenea kama kilometa za mraba 600, na wavuvi hupata humo perege na kambale. Lakini maji hayo hayakai mahali pamoja. Miaka ya ukame hupungua sana, kama ilivyokuwa mwaka 2005 na 2006. Ufuo ukasogea mbali. Katika miaka ya namna hiyo mashini hulazwa. Basi kulala kwake si ajabu. Ajabu ni kuilaza vibaya, kisha kuilaumu kwa kutoamka.

Mashini hiyo si fumbo. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei na kukulia Marekani, alianza kuziuza katika mji wa Milwaukee mwaka 1909, na ile ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu. Asili yake haikubadilika sana tangu hapo. Hutaka petroli safi iliyochanganyika na hewa. Hutaka cheche ya moto kwa wakati wake. Hutaka hewa hiyo ishindiliwe barabara ndani ya silinda. Tena hutaka maji ya kuipoza. Ikikataa kuwaka, moja katika hayo limepungua. Kazi ya mwenye akili ni kutafuta ni lipi, wala si kuipiga mateke.

Yafaa kujua yale yaliyoipata usingizini. Petroli iliyoachwa ndani hukauka ikawa utando wenye kunata kama ulimbo, ukaziba vitundu vyembamba vya kabureta. Unyevu hula chuma na kukitia kutu. Mpira hukauka na kupasuka, hasa katika joto na vumbi la nchi ya kati. Na nyigu, asiyechagua nyumba, hujenga kwa udongo ndani ya tundu lo lote aliloliona wazi.

Kosa la wengi ni kuivuta kamba kwanza. Mtu huitoa mashini ghalani, hutia mafuta, huvuta, huvuta tena, hata bega likamwuma. Kumbe pistoni imeshikwa na kutu, na kila avutapo yeye huikwaruza silinda kwa mkono wake mwenyewe. Yule aliyetaka kuiamsha ndiye aliyeiua. Haraka haraka haina baraka.

Mwenye busara huanza kwa kusafisha. Hufungua plagi, humimina oili kidogo ndani ya silinda, huiacha siku nzima, ndipo huizungusha kwa mkono polepole. Ikigoma, huongeza oili na kungoja. Humwaga mafuta yote ya zamani, hufungua kabureta na kuiosha, na kila kipande hukiweka juu ya kitambaa kwa taratibu, ili ajue kitakavyorudi. Huitazama oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mipira ya kuzuilia maji haina budi kubadilishwa. Hulitazama na lile gurudumu dogo la mpira lisukumalo maji ya kupoza. Kisha huchanganya petroli mpya na oili kwa kipimo cha mashini ile, maana nyingine hutaka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, na nyingine 1 kwa 50. Mwisho huifunga imara juu ya pipa lililojaa maji, mahali pa wazi penye upepo, kwa kuwa moshi wake una sumu. Ndipo huivuta kamba. Kuiwasha pakavu ni kuiunguza, kwa maana lile gurudumu la mpira huharibika upesi likikosa maji.

Kama mtu haamini kwamba chuma chaweza kulala na kuamka, na asikie habari za meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, nayo iliitwa Graf von Götzen. Ilifumuliwa ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa kwa reli ya kati kupitia Dodoma hata Kigoma, ikaundwa tena huko. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Lakini mafundi wake walikuwa na akili: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo hiyo yafaa kutumika, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba. Ikiwa mitambo ya meli ilizamishwa chini ya maji kisha ikaamka, mashini ndogo ya ghalani ina udhuru gani? Liemba haikuokolewa na bahati. Iliokolewa na grisi ya watu waliofikiri siku ya kulaza juu ya siku ya kuamsha.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni kupoteza wakati, afadhali kununua mpya. Neno lao lina haki yake mahali fulani. Silinda ikipasuka, au chuma kikiliwa na kutu hata kikamomonyoka, hapo ubishi ni upumbavu. Lakini asiyefungua hajui, naye hutupa kizima pamoja na kibovu. Mashini mpya ni bei ya mavuno mengi ya mvuvi. Plagi na mipira michache si bei ya kuogopesha.

Liko jambo kubwa kuliko fedha. Mashini iliyowaka mara moja katika pipa haijastahili kupewa roho za watu. Katika Mtera mna viboko na mamba, na upepo huinuka. Aliyeiamsha mashini ya kale yampasa aijaribu karibu na ufuo siku kadha, achukue makasia, wala asiende mbali peke yake. Na mtu auzaye mashini ya namna hiyo akificha kasoro yake, huyo hakuuza mashini, ameuza msiba.

Wala elimu hii si ya wavuvi peke yao. Mwanafunzi wa Kongwa au Manyoni, asiyeiona mashua mwaka mzima, anazo karibu naye pampu ya maji na mashini ya kusaga unga. Nyingi katika hizo nazo hulala, nazo huitwa maiti kabla hazijapimwa. Sheria yake ni moja: kabla ya kuilaza, mwaga mafuta, paka oili, ziba matundu kwa kitambaa, funika, andika tarehe, na kila baada ya miezi michache izungushe kwa mkono. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Alazaye vizuri amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuamsha, na kijiji kilicho na watu wa namna hiyo hakitakosa maji wala unga kwa ajili ya plagi moja chafu.