Mpangaji naye ni mkazi: barua ya wazi kwa Halmashauri ya Kilosa kuhusu Kidete

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa.

YAH: WAKAZI WASIO NA ARDHI KUZUNGUKA STESHENI YA KIDETE

Ndugu Mkurugenzi,

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma Agosti 1, 2024, na Kidete ni miongoni mwa vituo vya reli hiyo, pamoja na Mkata, Kilosa, Gulwe na Igandu. Kituo cha namna hiyo huvuta mji, na dalali hutangulia mji. Ninaloomba ni moja: mtakapopanga na kupima eneo linalozunguka stesheni, wahesabuni wote wanaoishi pale, wapangaji wakiwamo, wala msiishie kwa wenye majengo na mashamba.

Reli ya zamani, iliyofika Kilosa enzi za Wajerumani, ililisha watu kupitia madirisha. Treni iliposimama, mama mwenye sinia la ndizi alikimbilia behewa, akauza, akarudi na pesa ya unga. Watu kutoka Kigoma na kwingineko walikuja wilayani humu kukata mkonge, wakapanga vyumba, wakaoa, na wengi wamezikwa huku. Wajukuu wao hawana kwao kwingine. Treni ya SGR madirisha yake hayafunguki na stesheni zake zina uzio. Haimpelekei mama yule mteja, lakini inapandisha bei ya ardhi anayoishi. Kwa mwenye ardhi, bei hiyo ni neema. Kwa aliyepanga chumba, ni notisi ya kuhama.

Mambo haya tumeshayaona Kariakoo. Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu: ya Wazungu, ya biashara iliyokaliwa zaidi na Wahindi, na ya Waafrika, ambayo kitovu chake kilikuwa Kariakoo. Ndani ya kanda hiyo ya tatu Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mdigo waliufanya mji wa kuja kuwa mji wao, na huko ndiko chama cha TANU kilikozaliwa Julai 7, 1954. Chombo cha kazi hiyo kilikuwa nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha pamoja, mbele baraza. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Mgeni aliyeingia na mkeka alijifunza mji kwa kuishi mlango kwa mlango na wenyeji. Leo nyumba hizo nyingi zimepisha maghorofa ya maduka. Mwenye kiwanja aliuza, au aliingia ubia na mjenzi akapata sehemu yake. Wapangaji walitawanyika kwenda Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika, na nauli ya kurudi mjini kufanya kazi ikawa juu yao. Kwa Waafrika wengi wenye kipato kidogo, bei imefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kanuni za mkoloni.

Sheria zetu hazimwoni mpangaji. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Lakini mthamini huandika jina la mwenye mali. Mama wa sinia, aliyekaa chumba kimoja miaka ishirini, hana la kuonyesha. Hata mwenye mali hayuko salama. Katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, wenyeji wa maeneo yaliyopimwa walilipwa fidia ya mashamba yao, kisha wengi wao wakashindwa bei ya kiwanja kilichopimwa juu ya shamba lile lile.

Najua utasema mpangaji ni mpita njia na hana haki inayoweza kupimwa. Serikali yenyewe imeshasema vingine. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, waliovunjiwa nyumba walikuwa wapangaji, kaya 644. Walihangaika kwa miaka, lakini majina yao yalitunzwa, na Machi 2022 Rais alizindua maghorofa yaliyojengwa ili warudi wao. Ni kweli kwamba kota zile zilikuwa mali ya umma, na Kidete kuna mashamba ya watu. Sidai mwenye shamba azuiwe kuuza. Lakini mamlaka ya kupanga eneo ni yenu, na viwanja vitakavyopimwa vitagawiwa kwa masharti mtakayoyaweka ninyi. Hapo ndipo panapowezekana kutenga viwanja vidogo kwa wakazi wa sasa, kwa bei ya gharama ya upimaji na kwa malipo ya awamu, kabla ya kuvitangaza kwa watu wa Dodoma na Dar es Salaam.

Hofu nyingine ni wapangaji hewa, na hiyo naikubali kabisa, maana fidia huvuta wajanja. Dawa yake ni kuwahi. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua kila anayelala katika eneo lake. Majina yakibandikwa ofisi ya kata mapema, majirani watamtaja asiyekuwapo. Uorodheshaji ukisubiri tetesi za mradi zienee, hakuna daftari litakaloaminika.

Hata biashara ya mji mpya inamhitaji mpangaji. Mamantilie, fundi baiskeli, kijana wa bodaboda na mlinzi wa usiku hawatanunua kiwanja kando ya stesheni. Wakisukumwa mbali, huduma wanazotoa zitapanda bei au zitakosekana, na Kidete itabaki kuwa mahali pa kushukia tu.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako iagize daftari la wakazi wa Kidete liandikwe sasa, wenye nyumba na wapangaji pamoja, kabla mpimaji hajasimika bikoni ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa.