Chapo madondo si aibu: Ukitaka kupunguza nyama, anzia kwa kibanda

Wacha nikuulize, msomaji. Ukisikia mtu ameacha nyama, unamwona nani akilini? Wengi wetu tunaona mtu wa Kilimani anayekunywa maziwa ya lozi na kula saladi yenye bei ya kukutoa jasho. Kisha unasema, "Hayo ni ya wenye pesa," na unaagiza smokie mbili na kachumbari.

Hapo ndipo tunajidanganya. Chakula cha mimea hakikuletwa Nairobi na ndege. Githeri, mukimo, ndengu, kunde, managu, terere na nduma ndivyo vilivyowalea wengi wa wazee wetu, na kwao nyama ilikuwa ya siku ya sherehe. Ni sisi wa mjini tulioamua kwamba githeri ni ya wanafunzi wa bweni. Unakumbuka uchaguzi wa Agosti 2017, ile picha ya jamaa anakula githeri kwenye foleni ya kura? Nchi nzima ilicheka. Lakini mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja, protini ya kimoja hujaza pengo la mwenzake. Huenda jamaa alikula vizuri kuliko sisi tuliocheka.

Sina digrii ya lishe, wala digrii yoyote, chuo niliachia katikati. Lakini nina macho. Presha na kisukari si mambo ya wazee pekee tena. Na zile smokie? Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani.

Sasa usikimbilie upande wa pili. Chipsi ni mimea. Mandazi ni mimea. Soda haina nyama hata kidogo. Ukiacha nyama uishi kwa hivyo vitatu, hujabadilisha lishe, umebadilisha shida tu. Nyama ikitoka kwa sahani, kitu cha maana kiingie: maharagwe, ndengu, njugu, mboga za kienyeji.

Nenda polepole. Siku mbili kwa wiki zatosha kuanza, kwa sababu tumbo lisilozoea maharagwe litakuaibisha kwa matatu. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha uchemshe kwa maji mapya. Utasema gesi ni ghali, na ni kweli. Lakini mitaa mingi ina mama anayeuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari. Wewe kazi yako ni kitunguu na nyanya.

Kamulia sukuma yako limau, mwili utapata madini ya chuma vizuri zaidi. Na ile chai ya kushushia chakula? Isubiri kama saa moja, kwani huzuia madini hayo. Dada zangu, hili lishikeni sana, maana kila mwezi mnapoteza damu. Ukiamua kuacha hata mayai na maziwa, jua vitamini B12 hutaipata kwa sukuma, itabidi utumie tembe. Na kama tayari unameza dawa za sukari au presha, ongea na daktari kwanza.

Kazi ngumu zaidi si jikoni, ni kwa marafiki. Jumamosi wakienda kula nyama choma, watakuita mbuzi. Waache wacheke. Enda nao, agiza ugali na mboga, piga stori. Hakuna aliyekuapisha usionje nyama tena maishani. Tunachotafuta ni nyama irudi kuwa ya sherehe na maharagwe yarudi kuwa ya kila siku.

Kwa hivyo kesho saa saba ukifika kwa kibanda, agiza chapo madondo na sahani ya managu. Na uagize kwa sauti.