Breki ya okazio: soma chuma mbele ya kulipa

Ndugu mtumikaji,

Kila siku, mbele ya kushuka shimoni, dereva wa kamio anazunguka mashini yake na karatasi mkononi. Anaangalia mipira, taa, usukani na breki. Breki ikiwa mbaya, kamio haiendi. Hiyo ni sheria ya kazi, na sisi wote tunaikubali.

Saa ya kazi ikiisha, dereva yuleyule anaingia katika motokari yake mwenyewe, anapakia wenzake wanne na kushika njia ya mjini. Umwulize: "Ndugu, plaketi zako zimebaki na unene gani?" Atacheka. Atakujibu: "Nilinunua okazio, zinashika tu." Kwa nini maisha yetu yawe na bei kubwa ndani ya kiwanda, na bei ndogo nje ya mlango wake?

Sikuja kukukataza okazio. Ninajua mshahara, karo ya shule na bei ya unga. Karibu motokari zetu zote hapa Lubumbashi zimekwisha kutumika kwingine, Japani, Dubai au Ulaya, na nyingi zimeingia kwa Kasumbalesa. Piesi zake nazo ni vilevile. Ninalosema ni hili: piesi nyingine za breki unaweza kununua okazio ukijua kuzisoma. Nyingine usinunue hata ukipewa bure.

Nilijifunza kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilinunua sokoni etriye mbili, yaani zile piesi zinazobana diski kwa plaketi. Zilikuwa safi, bei ilikuwa nzuri, skurubu zote ziliingia. Fundi alitoa hewa mara tatu, lakini pedali ilibaki laini. Nikasema itakaa vizuri yenyewe. Jioni, nikiingia kwangu, nilikanyaga. Mguu ukafika chini kabisa, na motokari ikagonga ukuta. Dakika moja mbele ya hapo mtoto wangu alikuwa amesimama palepale, akinifungulia mlango.

Shida ilikuwa nini? Etriye zote mbili zilikuwa za upande wa kulia. Iliyofungwa kushoto, kile kiskurubu cha kutolea hewa kilikuwa chini. Na hewa, ndugu, inakaa juu ya mafuta siku zote. Haitoki kwa chini. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa, lakini hewa inabanwa. Ndiyo sababu pedali ilikuwa laini. Muuzaji hakunidanganya. Mimi sikuangalia.

Basi, ukienda kununua, fanya hivi:

1. Etriye. Iweke kama itakavyokaa kwenye motokari. Kiskurubu cha kutolea hewa kiwe juu. Ukinunua mbili, ziwe kama mkono wa kushoto na wa kulia, zisifanane kabisa. Pistoni isiwe na kutu, na mpira unaoizunguka usiwe umepasuka. Pini zake ziteleze. Zikikwama, plaketi moja inaisha na ya pili inabaki mpya.

2. Diski. Hesabu matundu ya skurubu: ni 4 au 5? Pima upana wote, tundu la katikati na kimo cha kofia yake. Angalia kama ni chuma kimoja, au ina nafasi za kupitisha hewa katikati. Usiseme "Corolla ni Corolla": jina moja la motokari linaweza kuwa na diski za namna mbili au tatu.

3. Unene. Diski nyingi zimeandikwa MIN TH, kisha namba. Huo ni unene wa mwisho. Ikiandikwa MIN TH 20 mm, na kipimo kinasema 19, hicho si kitu cha kufunga tena, ni chuma cha kuyeyusha. Lakini angalisho: pembeni mwa diski iliyotumika kuna ukingo usioguswa na plaketi. Ukipima juu ya ukingo huo, unajidanganya. Weka rondela mbili za unene sawa, moja kila upande, ndani ya ukingo. Pima vyote pamoja, halafu ondoa unene wa rondela hizo mbili.

4. Rangi na nyufa. Madoa ya buluu ni alama ya moto mkali. Ufa unaofika ukingoni, iache hapohapo. Wala usishangilie diski inayong'aa. Labda imepitishwa kwenye turu ili kuuzwa, na kila mara turu inakula chuma.

Kuna watu Marekani wanaotengeneza tena motokari za zamani zenye nguvu. Wanajua kwamba Ford Mustang ya 1965 yenye diski mbele ina etriye za pistoni nne, lakini ya 1968 ni pistoni moja. Hawanunui kwa jina tu. Wanageuza chuma, wanasoma namba iliyomo, wanatafuta kushoto na kulia. Wao wanafanya hivyo kwa motokari ya kutembea nayo siku ya mapumziko. Sisi tunapakia watoto kila asubuhi.

Sasa piesi za kukataa. Plaketi za okazio, hapana. Huwezi kujua kama zimekunywa mafuta au zimeungua ndani. Plaketi za zamani nyingi zilikuwa na amianti, ambayo vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano juu ya amianti mwaka 1986, na Ulaya ilifunga mlango wake mwaka 2005, lakini piesi za zamani zingali zinatembea duniani. Kwa hiyo usipulize vumbi la breki kwa kompresa, wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, panguza, tupa kitambaa. Mpira wa kupitisha mafuta ya breki nao ununue mpya. Na ndani ya kikopo tia mafuta yanayoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira na kuharibu breki yote.

Utaniambia: "Njia ni ya mjini tu." Lakini njia ya Likasi je, siku ya kilio? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, motokari inakata metre 22 kila sekunde. Na ukitoka 40 kwenda 80, breki inapaswa kumeza nguvu mara nne, si mara mbili. Mbele yako kuna kamio ya shaba. Diski nyembamba haina mahali pa kuweka moto huo.

Ninaomba jambo moja pia kwa mashefu wetu. Ndani ya atelie kuna kipimo cha meno mawili, piyakulisi, na kuna mafundi wanaojua kukitumia. Saa moja kila Jumamosi, mtumikaji aruhusiwe kuleta diski yake ipimwe mbele ya kulipa. Haitagharimu tani hata moja. Mtu akigongwa Jumapili, Jumatatu nafasi yake kazini ni tupu vilevile.

Nawe mama wa nyumba, bwana akisema amepata breki kwa bei ndogo, mwulize swali moja: "Umeipima?" Akinyamaza, siku hiyo watoto waende kwa miguu.

Ndugu, chuma kinasema. Mbele ya kutoa franka zako, kigeuze, ukisome.