Daftari Jipya na Majina ya Zamani



Januari imeingia, na milango ya skuli imefunguliwa tena, huku kwetu Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya. Asubuhi ya siku ya kwanza njia hujaa watoto wenye sare ambazo hazijaonja maji, na viatu vilivyo vikubwa kuliko miguu, kwa kuwa mama amekusudia vifike mwakani. Jioni watoto hao hao huchukua juzuu zao wakaenda chuoni. Nasi walimu huketi mezani, tukafungua daftari jipya la mahudhurio, tukaanza kuandika majina. Daftari ni jeupe. Yatupasa tujiulize kama nyoyo zetu nazo ni nyeupe.

Kwani ni desturi baina yetu walimu kupokezana watoto pamoja na sifa zao. Mwenye kuliacha darasa humwambia mwenye kulipokea, "Huyu hodari, huyu mtukutu, na huyu mzito, usijisumbue naye." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi huwa ni hukumu iliyokatwa kabla ya mshitakiwa kusikilizwa.

Nasi twakiri kosa letu, ili wengine wapate mazingatio. Miaka mingi iliyopita tulipokea darasa la tano, na ndani yake alikuwamo mtoto mmoja wa kiume aliyekuja kwetu na jina la uvivu. Tukamweka dawati la nyuma. Kila tulipoandika hesabu ubaoni, yeye alinakili nusu, na hiyo nusu ilikuwa na makosa. Tukamkaripia, mara nyengine mbele ya wenziwe. Muhula mzima ukapita hivyo. Siku moja tulimtuma akafute ubao. Aliposimama mbele yake, kabla ya kuinua mkono, aliusoma wote kwa sauti, na hesabu ya mwisho akaijibu papo hapo. Tulipomwuliza kwa nini huwa haandiki, alijibu, "Mwalimu, kule nyuma maandishi ni ukungu. Nalidhani sote twaona hivyo."

Basi uzito ule ulikuwa wa macho, si wa akili. Mzee wake alimpeleka hospitali, akapata miwani. Lakini muhula ule tuliomkaripia hatukuweza kumrudishia.

Yafaa ijulikane kwamba mtoto asiyeona mbali hajui kuwa haoni, kwa sababu hajui wenziwe waonavyo. Na udhaifu huo mara nyingi huanza katika miaka hii hii ya skuli. Siku hizi mtoto kama huyo aweza kutupotea kwa wepesi zaidi. Kenya iliondoa ada katika skuli za msingi za Serikali mwaka 2003, na Tanzania Bara ikaziondoa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016. Hiyo ni neema kubwa, kwani watoto wa masikini wameingia darasani. Lakini vyumba vingi vimejaa, na mtoto mnyamavu aweza kukaa nyuma mwaka mzima asitambuliwe na mtu.

Hapana fundisho kubwa katika jambo hili kuliko lile la Sura ya 80, Sura ya Abasa. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kwamba watauelekea Uislamu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akaendelea na wakubwa wale. Zikashuka Aya za kumkumbusha juu ya yule aliyekuja mbio kutaka ilimu. Tangu hapo Mtume alimtukuza kipofu yule. Huko Madina alikuwa akiadhini kama alivyoadhini Bilali, na mara kadhaa Mtume alipotoka safarini alimwachia mji. Ikiwa Mbora wa viumbe alikumbushwa juu ya mtu mmoja asiyeona, sisi walimu tuna udhuru gani?

Basi twawanasihi walimu wenzetu: zisikieni habari za mwaka jana, lakini msizifanye hukumu. Katika juma la kwanza wabadilisheni watoto mahali pa kukaa, na mwiteni kila mmoja asome mbele na asome nyuma. Mzito wa kujibu mjaribuni masikio kabla ya kumjaribu kwa fimbo. Na asinziaye saa nne za asubuhi mwulizeni kwa upole kama amekula.

Nanyi wazazi, msingojee siku ya ripoti. Njooni mapema mtueleze mtoto ana nini: jicho, sikio, au msiba uliopita nyumbani. Haya si aibu, ni amana mnayotukabidhi. Wala msimwite mtoto mjinga mbele ya ndugu zake, kwani mtoto akiitwa jina kila siku mwisho huliitikia.

Nanyi vijana wetu, ikiwa mwaka jana mlipewa jina baya, jueni kwamba jina si nyinyi. Usiloliona, sema. Usilolisikia, uliza. Haya njema haimzuii mtu kutafuta ilimu.

Mtoto wetu yule sasa ni mtu mzima, naye ni mwalimu. Tulipokutana naye hatukumwuliza mambo mengi, ila moja: siku ya kwanza ya mwaka huanza na nini? Akacheka, akasema, "Huanza na dawati la nyuma."

Twamwomba Mwenyezi Mungu aujaalie mwaka huu uwe wa heri kwa watoto wetu, na atupe sisi walimu macho ya kuwaona. Amin.