Umetoa Wapi? Marejeo si Pambo la Insha

Mtahiniwa, ninafundisha Kiswahili hapa Busisi. Baada ya daraja la Kigongo–Busisi kuzinduliwa tarehe 19 Juni 2025, niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu daraja hilo. Mmoja aliandika kwamba lina urefu wa kilomita 3, mwenzake akaandika kilomita 3.2. Wakaniletea ubishi wao niamue nani amekosea. Nikawauliza, "Umetoa wapi?" Wote wawili wakanyamaza.

Takwimu zote mbili zimewahi kuchapishwa. Kama kila mmoja angeandika "kwa mujibu wa" kisha akataja gazeti na tarehe yake, tungefuatilia na kupima. Kwa kuwa hawakutaja, tulibaki na ubishi kama wa abiria wanaosubiri kivuko.

Wapo wanaosema marejeo ni mambo ya chuo kikuu. Mimi sikubaliani nao. Anayeficha chanzo humnyima msomaji nafasi ya kuhakiki, na anayechukua maneno ya mwingine bila kumtaja amejipatia sifa isiyo yake. Tabia hiyo haisubiri chuo kikuu. Huanzia kwenye daftari la kidato cha kwanza.

Katika mtihani wa fasihi hasara yake huonekana mapema. Mtahiniwa anaandika, "Mwandishi ameonesha uzembe kazini." Mwandishi yupi? Katika kitabu gani? Andika hivi: "Katika tamthiliya ya Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe, Edwin Semzaba ameonesha..." Jina la kitabu lipigie mstari. Ukitumia ushairi, taja shairi na diwani pia. Kwa mfano, Wasakatonge ni jina la diwani ya M. S. Khatibu, na humo limo shairi lenye jina hilohilo. Diwani ipigie mstari; shairi litie katika alama za mtajo. Hapo msahihishaji hatababaika.

Utasema muda wa mtihani ni mfupi. Ni kweli, na ndiyo maana chumbani hutakiwi kuandika mwaka wala mchapishaji. Jina la kitabu na la mwandishi yanatosha, na kuyaandika ni kazi ya sekunde chache.

Kwa kazi mradi unayoifanya nyumbani, fuata mpangilio kamili: jina la ukoo la mwandishi, herufi za kwanza za majina mengine, mwaka katika mabano, jina la kitabu, mchapishaji, kisha mji. Orodha yako iende kwa alfabeti. Kama chanzo ni mzee uliyemhoji, mtaje yeye, mahali na tarehe ya mahojiano, baada ya kumwomba ruhusa.

Leo jioni chukua insha yako moja ya zamani. Kila unapokuta hoja au takwimu isiyo yako, jiulize swali langu: umetoa wapi? Ukikosa jibu, rudi kwenye kitabu kabla hujarudia kuiandika.