Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Mtandaoni

Hapa Doha wengi wetu tunasoma usiku baada ya zamu, na ada inatoka kwenye mshahara uleule unaotumwa nyumbani. Kwa hiyo ni vizuri kujua jinsi wahadhiri wanavyoandaa kozi ya mtandaoni. Ukijua, utaitambua iliyoandaliwa na iliyolipuliwa.

Mhadhiri makini huanzia mwisho. Kwanza huandika kile ambacho mwanafunzi ataweza kufanya kozi ikiisha. Pili hutunga mazoezi na mitihani ya kupima hilo. Masomo yenyewe huja ya tatu. Anayeanza kwa kurekodi mhadhara wa saa mbili amehamisha darasa tu. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu kozi za edX ulionyesha kuwa video fupi, zisizozidi dakika 6, ndizo zinazowashika watazamaji zaidi.

Kabla ya kozi kufunguliwa, wenzake na wanafunzi wachache huijaribu: Je, inafunguka kwenye simu? Maelekezo yanaeleweka? Masomo yanaweza kupakuliwa intaneti ikiwa hafifu? Kasoro hurekebishwa hapo. Wiki ya kwanza hutoa ratiba yote, na husema maswali yatajibiwa ndani ya siku ngapi.

Nyumbani elimu ya masafa si ngeni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023. Ukitafuta shahada, hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, na muulize mwajiri wako kama ataikubali.

Angalia pia kalenda. Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, lakini mapumziko ya hapa ni Ijumaa na Jumamosi. Kipindi cha moja kwa moja cha Jumapili asubuhi kitakukuta kazini. Uliza kama kinarekodiwa, na kama kutohudhuria kunapunguza alama.

Basi andika barua pepe yenye maswali matatu: nitaweza kufanya nini mwishoni, nitapimwaje, na nani atanijibu nikikwama? Wakichelewa kukujibu kabla hujalipa, ukishalipa watachelewa zaidi.