Mlango wa Paka Dirishani

Mara iliyopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi nyumbani, nami nikasahau kabisa kumtaja paka. Leo nitamtaja. Lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana mtu anayewashauri wengine habari za nyumba zao yampasa kwanza aonyeshe ufa wa nyumba yake.

Sisi twakaa huku Kanda ya Ziwa, mahali penye mbu wengi, hasa wakati wa masika. Madirisha yetu ni ya namna ya zamani: fremu za chuma na vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa puti. Nje kuna nondo, ndani kuna wavu wa mbu. Upande wa nyuma tuliweka mlango mpana wa kioo tulipoongeza sebule. Tena tunaye paka jike, mwindaji hodari, ambaye jioni hutoka na usiku wa manane hurudi.

Paka hana ufunguo. Akirudi hulia chini ya dirisha mpaka mtu aamke, na mtu huyo alikuwa mimi. Basi nikaanza kuliacha dirisha moja la sebuleni wazi kidogo. Paka naye akajifungulia njia kwa kucha zake katika pembe ya wavu. Mke wangu akaniambia, "Mzee, wavu umechanika." Nikamjibu, "Jumamosi nitaushona." Jumamosi ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita. Nikiwa mkweli, zilipita kama kumi.

Mwezi wa Aprili mjukuu wetu wa miaka 4 akaja kukaa kwetu. Kila usiku tulimlaza ndani ya chandarua, tukajiona tumetimiza wajibu. Lakini kabla ya kupelekwa kitandani alikuwa akisinzia juu ya mkeka sebuleni, chini ya dirisha lile lile, na mbu waletao malaria hawangoji watu waingie chandaruani. Huanza kazi yao giza linapoingia.

Juma la tatu mtoto akashikwa na homa. Tukampeleka zahanati. Muuguzi akamchoma kidole, akatazama kipimo, kumbe ni malaria. Akampa dawa mseto ya siku 3, asubuhi na jioni, akatuonya tusiikatishe hata mtoto akianza kucheza. Kisha akaniuliza, "Babu, madirisha yenu yana wavu?" Nikajibu, "Ndiyo, mwanangu, yana wavu, ila…" Sikuweza kuyamaliza maneno yangu.

Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Siwezi kuapa kwamba mbu yule alipita katika tundu lile. Lakini tundu nililijua, nami nililiacha. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nikakasirika sana. Sikujikasirikia mwenyewe, nilimkasirikia paka, kama ilivyo desturi yetu wanadamu. Nikamtia kikapuni, nikampa rafiki yangu wa mtaa wa pili. Wavu nikaushona siku hiyo hiyo. Hazikupita wiki mbili, panya wakatoboa gunia la mahindi stoo, wakaingia na kwenye kabati la nguo. Mke wangu akanitazama, akasema, "Mzee, umemfukuza mlinzi kwa kosa la bawabu." Nikamwuliza, "Bawabu ni nani?" Akasema, "Ni wewe."

Paka akarudi. Ndipo nilipoanza kufikiri vizuri. Nyumba inamhitaji paka, na paka anahitaji kuingia na kutoka. Usipomfanyia njia atajifanyia mwenyewe, na njia yake haina mlango. Basi heri tundu dogo ulilolitengeneza kwa hesabu kuliko tundu lililozaliwa na uvivu.

Jambo hili si geni. Katika kanisa kuu la mji wa Exeter, Uingereza, vitabu vya hesabu vya zamani vyaonyesha kwamba paka alitengewa peni 13 kila robo mwaka kwa kazi ya kuwinda panya. Na mwaka 1598 maseremala walilipwa peni 8 kukata tundu katika mlango wa chumba cha saa kubwa, ili paka wa Askofu apate kupita. Tundu hilo liko hata leo. Ikiwa askofu hakuona haya kumkatia paka njia, mimi ni nani nikatae?

Lakini sikilizeni kosa langu la pili, ili msilirudie. Nilimwita fundi, nikamwonyesha ule mlango mpana wa kioo. Nikamwambia, "Toboa hapa chini." Fundi akasita, akaniuliza, "Mzee, kioo hiki ni cha namna gani?" Nikamjibu kwa kiburi, "Kioo ni kioo." Akatia keekee. Mara mlango wote ukapasuka kwa kishindo, ukamwagika sakafuni kama chumvi ya mawe. Kwa bahati njema alikuwa amevaa miwani, na mtoto hakuwapo.

Kumbe vioo si namna moja. Milango mingi ya kioo ya siku hizi ni ya kioo kilichotiwa ugumu kwa moto. Kiwandani hupashwa joto kupita digrii 600, kisha hupozwa kwa ghafula kwa upepo mkali. Ngozi yake ya nje hujikaza, na ndani hubaki kunavutana. Kwa sababu hiyo kina nguvu sana, lakini ukikikata au ukikitoboa, nguvu ile huachiliwa mara moja na kioo chote huvunjika vipande vidogo vidogo. Hakuna fundi duniani awezaye kukitoboa baada ya kutiwa ugumu. Tundu sharti likatwe kwanza, ndipo kioo kipelekwe motoni. Kwa hiyo ukitaka mlango wa paka katika kioo cha namna hiyo, huna budi kuagiza kioo kipya chenye tundu lake. Tazama pembeni mwa kioo, mara nyingi utaona muhuri mdogo uliochorwa. Lakini usipouona usiwe na hakika, mwulize anayekijua.

Ndugu zetu wanaokaa Ulaya, kwenye baridi, wana vioo viwili vilivyofungwa pamoja na hewa katikati. Hivyo navyo havitobolewi, huagizwa upya. Kioo cha kawaida, kile cha madirisha yetu ya zamani, fundi mzuri aweza kukikata tundu la mviringo. Ila kikiwa kikuukuu hupasuka upesi, na gharama ya kujaribu ni kioo chenyewe.

Basi mimi nilifuata njia nyepesi. Niliondoa kioo kimoja kidogo cha chini, katika sehemu ya dirisha isiyofunguka, nikaweka ubao wenye mlango wa paka. Kioo changu kilibaki kizima stoo. Siku tukihama au paka akifa, kitarudi mahali pake. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, mpime paka. Pima upana wa kifua na mabega, uongeze sentimeta 2 au 3. Paka wengi wakubwa hutoshwa na tundu la upana wa sentimeta 15 na urefu wa 17. Hakikisha pia kwamba aweza kupita kati ya nondo. Nondo usizikate hata kidogo, maana hapo utakuwa umemfungulia mwingine.

Pili, chagua mahali. Pawe mbali na kitasa cha mlango na komeo la dirisha, ili mwizi asipenyeze mkono akafungua. Mkono wa mtu mzima ni mrefu kuliko unavyodhani. Jaribu kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kukata kitu.

Tatu, toa kioo. Vaa miwani na glavu nene, uwaondoe watoto. Bandika utepe juu ya kioo, kikivunjika kisitawanyike. Kwangua puti polepole kwa patasi kuukuu, ung'oe vishikizo vidogo vilivyojificha chini yake, kisha kivute kioo taratibu.

Nne, kata plaiwudi ya milimita 6, iwe pungufu kidogo kuliko nafasi ya fremu. Kata tundu la paka, lainisha kingo kwa msasa, halafu paka rangi ya mafuta pande zote, hata kwenye kingo. Mvua ikipata upenyo mmoja tu, plaiwudi itavimba na kubanduka.

Tano, tengeneza kijimlango. Mimi nilitumia kipande chepesi cha plastiki kinachopitisha mwanga, ili paka aone kilicho upande wa pili. Nilikining'iniza kwa utepe wa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, kwa kuwa mpira hukunjika ndani na nje, na bawaba ya kawaida hukunjika upande mmoja tu. Kifunge kwa bolti ndogo zenye nati, maana skurubu haishiki vema katika ubao mwembamba. Chini weka sumaku ndogo ya kukirudisha upepo unapovuma. Pembeni gundisha kitambaa kizito, kizibe nafasi yote. Hapa usifanye haraka, kwa kuwa mbu hahitaji mlango mpana. Ukipenda, nunua kijimlango kilichokwisha tengenezwa.

Sita, na ndilo jambo kubwa, ungana na wavu. Kati ya ubao na wavu wetu kulikuwa na nafasi. Nilifanya kisanduku cha mbao kisicho na uso wala mgongo, nikakiegemeza kwenye ubao kama njia ya chini kwa chini, kisha nikakata wavu mbele yake na kuupigilia kandokando ya kisanduku. Hivyo paka hupita ndani ya kisanduku, na wavu wabaki mzima pande zote.

Kisha mfundishe mpitaji. Siku za kwanza kifunge kijimlango kwa uzi kikae wazi, uweke dagaa upande wa ndani. Akizoea, kiteremshe nusu, halafu uache kikaning'inie. Wetu alichukua siku 5. Usimsukume kwa nguvu. Paka aliyesukumwa mara moja atalikumbuka tundu hilo kwa chuki.

Tena weka kikomeo kidogo. Mlango usiofungwa huwakaribisha paka wa mtaani, na hata nyoka. Sisi siku hizi twampa paka chakula jua linapotua, akiingia twafunga, na asubuhi twafungua. Panya wa stoo hawamshindi kwa kulala ndani, na majirani hawasikii tena ugomvi wa paka usiku. Usisahau pia kumpeleka kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa. Watu wengi hudhani ugonjwa huo ni wa mbwa tu, na kumbe paka naye aweza kuupata na kumwambukiza mtu kwa kumwuma.

Mwezi wa Desemba mjukuu wetu alikuja tena. Alilala chini mbele ya kijimlango, akamngoja paka apite, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza, "Babu, na mimi utanitengenezea wangu?" Nikamwambia, wewe pita mlango mkubwa, ila jioni uingie mapema.

Mlango wa kioo tuliuagiza mwingine, nao hauna tundu. Kila niupitapo nakumbuka swali la fundi ambalo sikutaka kulijibu. Na kila Jumamosi, baada ya chai, nazunguka nyumba yote nikizipapasa nyavu kwa vidole, pembe moja baada ya nyingine. Kazi hiyo hainichukui hata robo saa.

Na wewe, msomaji wangu, wavu wako u mzima? Nenda ukatazame kabla hujageuza ukurasa.